Hoja Katika Aya ya Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa chaki mbili, ufunguo wa kabati tupu, na onyo. Ilikuwa shule ya sekondari kule Kanyosha, na aliyenipa vitu hivyo alikuwa Prefe wa masomo, yaani msimamizi wa ratiba na walimu, mwanamume mrefu aliyevaa koti hata jua la mchana likiwaka. Aliniambia kwa Kifaransa kwamba Kiingereza katika shule yake kilikuwa somo la kujaza saa za alasiri, walimu wa hesabu wakishakwenda nyumbani, kwa hiyo nisijisumbue sana wala nisiwasumbue watoto. Nilimwitikia, "Ndiyo, Mesye Prefe," nikaingia darasani nikawasumbua.

Nimefundisha Kiingereza maisha yangu yote ya kazi, na ndani yake nimefundisha zaidi jambo moja: insha ya kitaaluma, ile ambayo mwanafunzi hutakiwa kutoa hoja yake, kuitetea kwa ushahidi, na kutaja alikotoa kila wazo la mwenzake. Haya nayaandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Kirundi nilipimwa nacho darasani, Kifaransa nilichapwa kwa ajili yake, Kiingereza kilinipa mkate kisha kikaninyang'anya. Kiswahili nilikiokota mtaani, kwa wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na kwa majirani, na ndiyo lugha pekee ambayo ndani yake hakuna mtu aliyewahi kunipa alama.

Kanyosha ndiko nilikojifunza shida zenyewe, moja moja, kama seremala anavyojifunza mbao zipi zina fundo. Kuna vile vineno vidogo, "a" na "the", ambavyo Kiingereza huvitanguliza mbele ya jina la kitu, kuonyesha kama kinajulikana au hakijulikani. Sisi hatuna. Mwanafunzi huvinyunyiza kama chumvi, hapa vikazidi, pale vikakosekana, na hakuna kanuni utakayompa asiikute inavunjwa ukurasa unaofuata. Kuna nyakati za vitenzi. Kuna urefu wa sentensi, kwa sababu mtoto aliyelelewa na Kifaransa huona nukta kama ukosefu wa elimu. Atatia mkato baada ya mkato mpaka msomaji akose pumzi.

Halafu kuna maneno tuliyoyaita marafiki wa uongo. Haya yanafanana na Kifaransa kwa sura lakini maana imehama. Nilipokuwa nimekwisha hamia chuo kikuu cha binafsi mjini, mwanafunzi mmoja wa uuguzi aliandika "eventually" akidhani inasema "huenda", kama lile neno la Kifaransa linalofanana nalo. Kumbe inasema "hatimaye". Insha yake yote iliwaeleza wasomaji kwamba mgonjwa wa shinikizo la damu hatimaye atapofuka, hatimaye figo zitakufa, hatimaye atakufa mwenyewe. Wenzangu walicheka ofisini. Mimi sikucheka, maana nilijua kwamba siku moja kijana yule angeandika ripoti ya mgonjwa wa kweli.

Chuoni niliitwa wakati nchi ilipojiunga na majirani zake wa mashariki. Ghafla Kiingereza, kile cha kujaza alasiri, kikawa mlango wa kila kitu. Watumishi wa serikali waliokaribia kustaafu walikuja jioni na mikoba yao kujifunza kusalimiana. Chuo kiliagiza kwamba kila mwanafunzi, hata wa sheria, aandike insha zake kwa lugha hiyo, na hakikuagiza kitabu hata kimoja. Tulifundisha kwa silabi, yaani vile vijitabu vya fotokopi ambavyo mwalimu huvitunga mwenyewe, na za kwangu nilizitunga juu ya meza ya kulia chakula, nyumbani kwangu Ngagara, karitiye ya sita, yaani mtaa wa sita, mume wangu akiuliza kila mara kama sahani zitapata pa kukaa.

Mkuu wangu wa kwanza wa idara alikuwa mzee aliyesomea Ulaya, mpole, mwenye sauti ya kanisani. Huyo namshukuru. Alinieleza kitu ambacho hakuna mafunzo yaliyonipa. Alisema, "Madamu, Mfaransa anakupeleka sokoni kwa njia tatu ili uone mji. Mwingereza anataka uanze ukiwa umeshafika sokoni, halafu umweleze kwa nini ulikwenda." Alikuwa anazungumzia dissertasio tuliyofundishwa sote shuleni: upande huu wa jambo, kisha upande wa pili, na mwishoni kabisa ndipo unapatanisha na kuonyesha umesimama wapi. Insha ya Kiingereza haitaki hivyo. Inataka tamko la hoja, sentensi moja inayosema unachoamini, na inalitaka katika aya ya kwanza. Mwanafunzi anayelificha hadi mwisho huandikiwa pembeni, kwa wino mwekundu, kwamba hana hoja.

Lakini mimi, kadiri nilivyosahihisha, niliona kwamba Kifaransa hakikuwa kisa chote. Kisa kikubwa kilikuwa adabu. Kwetu mtu haingii kwa mkubwa akabwaga jambo lake mlangoni. Huuliza watoto, huuliza ng'ombe hata kama ng'ombe hawapo, huzunguka, na mkubwa mwenyewe ndiye huliona jambo likija na kulipokea. Kumtangulizia mkubwa msimamo wako ni kumwambia kwamba hana macho. Nilianza kuwaza hivyo taratibu, na aliyenifanya niwe na hakika alikuwa Furaha.

Furaha alikuwa mwanafunzi wangu pale chuoni, msichana kutoka Uvira. Familia yake ilikuwa imevuka mpaka wakati wa vita, ikakaa miaka kadhaa katika kambi ya wakimbizi, kisha ikapanga vyumba viwili Kanyosha ambako mama yake aliuza mawese. Darasani hakuongea. Niliwapa sura ya kitabu cha mtaalamu mmoja wa kigeni aliyedai kwamba kambi za wakimbizi huzaa uvivu, kwamba mtu akilishwa miaka mitatu hawezi tena kushika jembe. Niliwataka waandike insha kuijadili. Furaha aliandika kurasa nne za kumsifu yule mtaalamu, za kueleza vizuri kabisa alichosema, za kumshukuru kwa kuwafikiria wakimbizi. Mstari wa mwisho, kwa herufi ndogo kuliko zingine, aliandika kwamba pengine si wote.

Nilimwita baada ya kipindi. Nilimuuliza kama anakubaliana na mwandishi.

"Apana, Madamu."

Nilimuuliza mbona basi hakusema. Akaangalia chini.

"Mi ni nani, Madamu, niambie mutu mukubwa vile eti amekosa? Yeye iko na kitabu. Mi niko na biki tu."

Nikaigusa kalamu iliyokuwa mkononi mwake, nikamwambia, "Kwa Kiingereza, biki inatosha."

Sikumwandikia hata neno. Nilimrudisha kwenye majedwali ya kitabu kile kile, nikamwambia atafute watu wa kambini walikuwa wakifanya nini. Akaona kwamba mtaalamu mwenyewe alikuwa amehesabu bustani, vibanda vya kushona, wauza maandazi, na kuviweka katika kiambatisho ambacho yeye mwenyewe hakukizingatia. Furaha aliandika upya, akaandika tena, na kila rasimu ile hoja ilipanda juu kidogo, kama mtu anayekwea ngazi akisimama kuomba radhi. Rasimu ya mwisho ilianza kwa kusema kwamba mwandishi amekosea na kwamba ushahidi wake mwenyewe unaonyesha hivyo. Aliponiletea aliiweka mezani ikiwa imegeuzwa kifudifudi. Aliniambia mama yake angemsikia akimwambia mtu mzima maneno hayo angempiga kofi. Nilimpa alama ya juu kuliko zote nilizotoa mwaka ule, na niliporudi nyumbani nilimsomea mume wangu aya ile ya kwanza ingawa Kiingereza hajui.

Akapata nafasi ya kusoma nje. Akapata shahada ya pili, kisha udaktari. Miaka ya mwanzo aliniandikia, baadaye akaacha, na sikumlaumu. Watu wana shughuli.

Katika miaka hiyo yule mkuu mpole alistaafu, akaja mwingine ambaye hakudumu, na mimi niliandika makala yangu pekee. Ilihusu jambo lile lile: kwamba wanafunzi wetu wanaposhindwa kuweka hoja mbele, si kwamba hawafikiri, ni kwamba wanaona haya kumkosea adabu msomaji, na kwamba mwalimu anayewaambia hawana hoja anawatukana bila kujua. Mfano wangu mkubwa ulikuwa msichana mmoja mkimbizi, ambaye sikumtaja jina. Niliituma kwa jarida moja la nje. Ilirudi na maneno machache kwamba Kiingereza chake kinahitaji kupitiwa na mtu aliyezaliwa nacho. Niliitengeneza, nikaituma kwa jarida jingine. Hao walisema hawaoni mwandishi anadai nini.

Huenda ningeiacha palepale. Lakini ilitoka kanuni mpya kwamba mwalimu asiye na udaktari atakayetaka kubaki na masomo ya juu lazima awe na makala iliyochapwa, ikiwa si nje basi katika jarida la chuo chenyewe, na dosiye yake, yaani jalada lake la kazi, ipitishwe na mkuu wa idara. Somo la uandishi lilihesabiwa kuwa la juu. Na mkuu mpya wa idara, aliyefika muhula ule ule kutoka nje, alikuwa Furaha.

Nilifurahi, sitaki kudanganya. Nilimpelekea makala yangu nikiwa nimevaa kitenge cha Jumapili.

Aliniita baada ya wiki chache. Alifunga mlango, akaniletea kiti yeye mwenyewe, akaacha Kifaransa na Kiingereza vya ofisini akasema Kiswahili cha nyumbani, na nikajua kwamba ni kwa heshima.

"Madamu, nitakuambia wazi, sawa vile ulinifundisha. Hii makala haiwezi kupita. Hoja yako iko ukurasa wa tano. Na Kiingereza yako ni ya vitabu vya zamani."

Nilimuuliza kama hoja yenyewe ni ya uongo.

"Apana. Hoja ni ya kweli, na mi najua kushinda mutu yeyote. Lakini hakuna mutu atafika kule."

Nilizifunua karatasi zangu. Alikuwa sahihi, nami niliona. Nilikuwa nimeanza na historia ya shule nchini, nikapita kwenye Kifaransa, nikawashukuru wataalamu walionitangulia, nikamsalimu kila mkubwa aliyekuwa njiani. Nilikuwa nimeandika kama mtu wa kwetu, makala kuhusu kwa nini watu wa kwetu huandika hivyo. Nilimwambia kwamba pengine hilo lenyewe ni ushahidi. Hakutabasamu.

Kisha akanipa pendekezo. Nimwachie makala, aiandike upya, itoke kwa majina mawili, na dosiye yangu ingepita bila shida. Nilimuuliza jina lipi litatangulia.

Aligeukia kompyuta yake, ingawa ilikuwa imezimwa.

"Lile linajulikana, Madamu."

Wengine wameniambia ningekubali. Mume wangu aliniambia hivyo usiku na mchana: jina la pili si aibu, ndoa nzima ni jina la pili. Lakini nilikusanya karatasi zangu nikasema, "Asante, Dokta," na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Aliinuka kunifungulia mlango kama mtoto aliyelelewa vizuri.

Mwaka uliofuata kulikuwa na semina ya walimu wa Kiingereza katika ukumbi wa hoteli moja karibu na ziwa, na wageni kutoka nchi jirani. Furaha alikuwa mzungumzaji mkuu. Nilikaa safu za katikati pamoja na mwenzangu wa siku nyingi, Gaspard, aliyefundisha fonetiki, yaani matamshi. Furaha alisimama, hakusalimia kwa kirefu, akaanza kwa sentensi moja: wanafunzi wetu hawashindwi kufikiri, wanaogopa kukosa adabu. Watu wakashika kalamu. Kisha akasimulia habari za msichana mmoja aliyetoka kambini, aliyepewa kitabu cha mtaalamu, aliyeandika kurasa nne za sifa na mstari mmoja wa ukweli. Akasema msichana huyo alikuwa yeye. Baadhi ya wageni walipangusa macho.

Gaspard aliniinamia akaniuliza taratibu, "Si hiyo ndiyo yako?"

Nikamjibu kwamba maisha ni yake.

Na ndivyo ilivyokuwa, na hapo ndipo palipo na uchungu wote. Ningesimama niseme nini? Kwamba ameniibia kambi aliyolala ndani yake, na haya aliyoiona yeye? Insha aliiandika kwa mkono wake. Lakini miaka ile alipokuwa ameinamisha kichwa mbele yangu hakujua kwa nini ameficha hoja yake; mimi ndiye niliyekesha na karatasi za mamia ya wenzake mpaka nikajua. Katika taaluma yetu, kutumia wazo la mtu bila kumtaja kuna jina, na jina hilo nilikuwa nikiliandika ubaoni wiki ya kwanza ya kila mwaka: wizi wa maandishi. Nilifundisha namna ya kuweka alama za kunukuu, jina, na ukurasa. Sikuwahi kufundisha ufanyeje pale wazo ni la mwalimu, mfano ni wa mwanafunzi, na makala haikuchapwa popote. Hakuna kanuni yake.

Mwishoni aliwashukuru walimu wake. Alisema hivyo, "walimu wangu", kwa wingi.

Wakati wa chai alinijia, watu wakimfuata nyuma, akaniuliza nimesikia aje. Nikamwambia ilikuwa wazi kabisa. Uso wake ukafunguka kwa furaha ya kweli, ile ya zamani, akanishukuru, merci, Madamu, na akanishika mikono yote miwili. Mpaka leo siamini kwamba alijua. Nadhani aliishi na wazo lile muda mrefu hadi likawa kiungo chake. Hilo halinipunguzii kitu. Mtu akikukanyaga bila kukuona, mguu unauma vile vile.

Dosiye yangu haikupita. Somo la uandishi alipewa kijana aliyerudi na shahada mpya na kitu alichokiita gridi, karatasi yenye visanduku: tamko la hoja, sanduku, viunganishi, sanduku, marejeo, sanduku. Alikuwa mtu mzuri, alinisalimia kila asubuhi. Mimi nilipewa sarufi ya mwaka wa kwanza na usimamizi wa mitihani. Miaka yangu ya mwisho kazini niliitembea kati ya safu za madawati, nikiangalia vichwa vilivyoinama, na nilipopita nyuma ya mwanafunzi nikaona anazunguka, anamsifu mwandishi, anaomba radhi, nilitamani kuinama nimwambie kitu. Msimamizi haruhusiwi kusema.

Siku ya kuniaga kulikuwa na Fanta, brosheti, yaani mishikaki, na saa ya ukutani. Doyeni, mkuu wa kitivo chetu, alisoma hotuba ambayo ingemfaa mtu yeyote. Furaha alizungumza baadaye, vizuri kama kawaida yake, akaniita mama wa idara, na watu wakapiga makofi. Nimefikiri sana juu ya jina hilo. Mama wa idara ni jina wanalopewa wanawake ambao hawakupewa cheo.

Ninyi mnaoanza kazi hii sasa mtaniuliza nimejifunza nini, kwa kuwa wastaafu huulizwa hivyo. Nimejifunza kwamba mwanafunzi wa lugha ya kigeni hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja: anachotaka kusema, na hofu ya namna atakavyosikika. Sisi walimu tulipima mzigo wa pili tu, kwa sababu ndio rahisi kupimika. Kosa la kitenzi linaonekana, unalipigia mstari, unatoa alama. Wazo lililokufa kabla ya kufika kwenye karatasi halipigiwi mstari. Nilijua hilo, nililisema kwenye mikutano, nikaandikwa kwenye kumbukumbu kwamba Madamu ametoa maoni. Sijui kama lilimfaa mtu.

Bado wanakuja nyumbani. Ngagara ni rahisi kufika, na habari zimeenea kwamba kuna mama mzee anayesahihisha bure. Juzi alikuja msichana anaitwa Divine, wa mwaka wa pili, kutoka Buterere. Alikuwa ametumwa kuandika insha kuhusu mafuriko mijini. Alinionyesha kwenye simu. Siku hizi simu inawaandikia, nao hawafichi.

Nilivaa miwani nikasoma yote. Tamko la hoja lilikuwa katika aya ya kwanza. Aya zilifuatana, viunganishi vilikaa mahali pake, vile vineno vidogo havikukosea hata mara moja. Ilizungumzia wakazi wa maeneo hatarishi na miundombinu isiyotosheleza. Ingeweza kuwa mji wowote duniani.

Nilimuuliza kama kwao maji yaliingia mwaka huu.

"Njo, Madamu, yaliingia. Yalifika kwenye kitanda. Tulimuweka bibi juu ya meza, akakaa pale siku mbili, akakataa kushuka hata maji yalipoisha."

Nilimuuliza mpunga wao waliouhifadhi ndani je, maana watu wa Buterere ni wakulima wa mpunga. Akasema mpunga wote ulioza, na kwamba harufu yake bado iko ndani ya nguo. Aliyasema haya kwa utulivu, akinitazama, na kila sentensi ilikuwa imenyooka.

Nikamuuliza mbona bibi hayumo kwenye insha.

Divine alinitazama kama mtu anayemwonea huruma mkubwa aliyesahau kazi yake.

"Madamu," akasema, "hiyo si ya kitaaluma."

Nilimrudishia simu. Nilimwambia Kiingereza chake hakina kosa, na ilikuwa kweli.